Kabla Hujanunua Betri Nyingine: Jinsi ya Kupima Betri, Inveta na Mota za Gari la Haibridi

Peleka Aqua iliyowasha pembetatu nyekundu kwenye gereji tatu za Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, na kuna uwezekano mkubwa utapewa jibu lilelile kabla boneti haijafunguliwa: betri ya haibridi imekufa, tafuta nyingine. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia kosa ni betri ndogo ya volti 12, feni iliyojaa vumbi, au kipande cha shaba chenye kutu ambacho kingesafishwa kwa brashi na karatasi ya msasa. Taa ya dashibodi haitofautishi hayo. Vipimo ndivyo vinavyotofautisha, na vingi vyake havihitaji mashine ya bei kubwa.

Mwongozo huu nimeuegemeza kwenye haibridi za Toyota zinazoletwa zikiwa zimetumika kutoka Japani, yaani Prius, Aqua, Axio na Fielder, kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Mwishoni nitagusia Nissan Leaf, ambayo ni ya umeme mtupu na hupimwa kwa njia tofauti kidogo. Unamfaa fundi anayejua umeme wa kawaida wa gari na anataka kuingia kwenye haibridi. Unamfaa pia mwenye gari, ambaye anaweza kufanya mwenyewe hatua nne za mwanzo bila kufungua chochote chenye volti kubwa.

Ijue kwanza betri unayoipima

Betri ya Prius ya kizazi cha pili (2003) na cha tatu (2009) ni ya nikeli na haidraidi ya metali. Ina moduli 28 zilizopangwa mstari mmoja, kila moduli ina seli sita za volti 1.2, yaani volti 7.2, na jumla yake ni volti 201.6. Aqua, iliyotoka Desemba 2011, ina moduli 20, jumla volti 144. Axio na Fielder haibridi za 2013 hutumia mpangilio huohuo wa moduli 20. Ujazo wa kila moduli ikiwa mpya ni ampea-saa 6.5. Ni mdogo, kwa sababu betri hii haikutengenezwa kuendesha gari kilomita nyingi peke yake. Kazi yake ni kupokea na kutoa umeme harakaharaka, mara maelfu.

Kompyuta ya betri haisomi kila moduli. Kwenye Prius inasoma moduli mbilimbili, kwa hiyo skana itakuonyesha volti za mafungu 14, kila fungu volti 15 au 16 hivi gari likiwa limetulia. Shika jambo hili, maana hatua ya nne yote imesimama juu yake.

Usalama: hapa hakuna njia ya mkato

Kanuni za kimataifa za magari ya umeme zinahesabu umeme wa moja kwa moja unaozidi volti 60 kuwa wa hatari. Prius ina zaidi ya mara tatu ya hizo kwenye betri, na inveta yake, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, huzipandisha hadi volti 650 kwenye kizazi cha tatu. Mzoea volti 12 hushika waya kwa mkono mtupu kila siku na hapati kitu. Mazoea hayo yaache mlangoni.

Vifaa vya lazima ni hivi: glavu za mpira za daraja 0, ambazo zimethibitishwa kwa volti 1000, na juu yake glavu za ngozi za kuzilinda zisitoboke; mita ya umeme iliyoandikwa CAT III 1000 V, pamoja na nyaya zake zenye alama hiyohiyo; miwani; na spana zilizofunikwa mpira. Mita za bei ya chini za sokoni ambazo zimechapwa "1000V" bila chochote ndani cha kuhimili kishindo cha umeme usizilete kwenye kazi hii. Kabla ya kuvaa glavu, kunja ukingo wake kuelekea vidoleni ili hewa ibaki ndani, kisha ibane na usikilize karibu na shavu. Ikitoa hewa hata kidogo, kata vidole vyake uitupe, asije mwingine akaivaa. Vua pete, saa na mkufu.

Kuzima umeme mkubwa kuna mpangilio wake. Zima gari, peleka ufunguo mbali, mita kadhaa, kwa sababu gari la kubonyeza kitufe linaweza kujiwasha kama ufunguo uko mfukoni mwako. Fungua hasi ya betri ya volti 12. Vaa glavu, chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa iliyo kwenye betri kubwa, uiweke mfukoni mwako mwenyewe, si juu ya meza. Subiri dakika kumi ili kapasita za inveta, zinazohifadhi umeme ndani yake, ziishe umeme.

Sasa thibitisha, na uthibitishe kwa hatua tatu. Pima kwanza betri ya volti 12 ili uone mita inasoma. Pima kwenye nyaya za chungwa zinazoingia kwenye inveta. Unatafuta sifuri au karibu na sifuri. Halafu rudi upime tena ile betri ya volti 12. Ukiiruka hii ya tatu, hutajua kama sifuri uliyoiona ni ya gari au ni ya mita iliyokatika waya katikati ya kazi.

Jambo moja wengi hawalijui: kuchomoa plagi hakuiui betri. Kunaikata vipande viwili tu. Ndani ya boksi la Prius bado una pande mbili zenye volti za hatari, na hizo hazina swichi ya kuzizima. Kwa hiyo glavu zinabaki mikononi mpaka vipande vya shaba vinavyounganisha moduli viwe vimeondolewa. Na usifanye kazi hii peke yako. Mtu wa pili akae karibu, akijua kwamba ukishikwa na umeme hatakuvuta kwa mikono.

Hatua ya kwanza: betri ndogo

Gari likiwa limelala usiku kucha, pima betri ya volti 12. Ikiwa nzima na imejaa husoma 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12, usiendelee na kipimo kingine chochote hadi uichaji au uibadilishe, kwa sababu kompyuta za haibridi zikikosa volti za kutosha huandika makosa ya kila aina, ya breki, ya usukani, ya inveta, na mtu akayaamini.

Halafu washa gari mpaka neno READY litokee, upime tena. Haibridi hizi hazina alteneta. Betri ndogo huchajiwa na konveta iliyo ndani ya inveta, na unatarajia volti 13.5 hadi 14.5 hivi. Ikibaki pale pale ilipokuwa kabla ya kuwasha, betri mpya ya volti 12 haitakusaidia zaidi ya siku moja mbili. Tatizo liko kwenye konveta au fyuzi yake.

Hatua ya pili: soma msimbo, kisha soma kilicho chini yake

Kifaa cha OBD cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na programu ya simu kama Dr. Prius vinatosha kwa mwenye gari. Fundi anayefanya kazi hii kwa kipato anahitaji skana inayofungua data za Toyota kwa kina, kwa sababu msimbo mmoja, yaani namba ya kosa iliyoandikwa na kompyuta ya gari, unaweza kuwa na maana nne.

P0A80 ndio unaoogopwa. Unasema betri ibadilishwe, lakini kompyuta iliuandika baada ya kuona tofauti kubwa ya volti kati ya mafungu, na tofauti hiyo inaweza kuletwa na kutu. Chukua pia data iliyogandishwa wakati msimbo ulipojiandika: joto la betri, mwendo, ampea, volti za kila fungu. Ukifuta msimbo kabla ya kunakili data hiyo, umefuta ushahidi. Ndiyo maana nikiletewa gari ambalo "walifuta tu taa ikarudi", huwa nauliza kwanza kama kuna aliyepiga picha ya skrini.

P0A93 ni upoaji wa inveta. P0A94 na P0A78 zinaelekeza kwenye inveta yenyewe na konveta zake. P0AA6 ni uvujaji wa umeme kwenda kwenye bodi, na huja na namba ndogo ambayo skana za bei nafuu haziionyeshi. Nitairudia huko mbele, kwani namba hiyo ndiyo inayokuokoa usivunje gari zima.

Hatua ya tatu: feni na njia ya hewa

Betri hizi hupozwa na hewa ya ndani ya gari. Kwenye Prius tundu la kuvuta hewa liko ubavuni mwa kiti cha nyuma; kwenye Aqua liko chini ya kiti cha nyuma, kimo cha visigino vya abiria. Gari la teksi la Dar es Salaam au la Kisumu linalopita barabara za vumbi madirisha wazi huvuta vumbi hilo lote hadi kwenye feni, na abiria akiweka begi mbele ya tundu, betri inapumua kwa shida safari nzima. Fungua kifuniko cha tundu, toa filta kama ipo, angalia feni kwa tochi. Feni yenye manyoya ya vumbi yaliyoshikana kwenye mapanga yake huzunguka na kelele inasikika, lakini hewa haitembei.

Kwa skana, iamrishe feni izunguke kasi ya juu kabisa, ushike karatasi laini mbele ya tundu: inapaswa kuvutwa na kushikiliwa. Kisha soma sensa za joto za betri. Zikiwa tatu na moja inasoma digrii kumi zaidi ya nyingine baada ya safari, sehemu hiyo haipati hewa. Betri ya nikeli inayofanya kazi kila siku juu ya digrii 45 inazeeka haraka, kwa hiyo hata kama vipimo vinavyofuata vitaonyesha betri nzima, safisha feni. Na kama utabadilisha betri, safisha feni kabla ya kuweka nyingine.

Hatua ya nne: pima betri ikiwa kazini

Hapa ndipo penye uzito. Betri ya haibridi ikipimwa imetulia huficha mengi. Fungu bovu linaweza kusoma 15.6 sawa na wenzake ukiwa umesimama, kisha likaanguka mara tu unapokanyaga mafuta. Kwa hiyo kipimo cha maana ni kile cha gari likiwa linatoa na kupokea ampea nyingi.

Chukua mtu wa kushika simu au skana, wewe uendeshe. Injini iwe imepata moto. Fungua ukurasa unaoonyesha volti za mafungu yote, ampea za betri, kiwango cha chaji na joto, na uweke programu irekodi. Tafuta barabara iliyo wazi yenye kilima. Panda kwa kukanyaga mafuta mpaka betri itoe ampea 80 au zaidi, kisha shuka ukiwa umekanyaga breki taratibu ili mota irudishe umeme. Rudia mara kadhaa. Ukimaliza, simama, weka P, washa AC hadi mwisho na taa zote, uangalie chaji ikishuka mpaka injini ijiwashe yenyewe, jambo ambalo Toyota hizi hufanya chaji ikikaribia asilimia 40. Betri nzima hushuka pole pole. Ikiporomoka ndani ya dakika moja mbili, kisha injini ikawaka na chaji ikapanda kwa kasi ileile, ujazo wake umekwisha.

Sasa keti usome rekodi. Kwenye betri nzima mafungu yote hupanda na kushuka pamoja, tofauti ya juu na chini ikiwa sehemu tatu za kumi za volti au pungufu. Tofauti ikizidi volti moja chini ya mzigo, kuna ugonjwa. Namna fungu linavyotengana na wenzake inakuambia ni ugonjwa gani.

Tuseme fungu la 6 liko chini ya wenzake kwa volti 1.2 hivi, na tofauti hiyo haibadiliki: ukitulia ipo, ukipanda kilima ipo, ukichaji ipo. Hiyo ni seli moja iliyokufa kabisa ndani ya moduli. Volti 1.2 ni kimo cha seli moja, na imetoweka.

Tuseme sasa fungu hilo linaanza sawa na wenzake, lakini kadiri kilima kinavyoendelea linazidi kubaki nyuma: wenzake wako 14.8, lenyewe 14.2, baada ya sekunde chache 13.1. Ukishuka na breki, linawapita wenzake kwenda juu. Huo ni ujazo uliopungua. Kikombe kidogo hujaa haraka na kukauka haraka. Moduli imechoka na haitapona kwa kusafisha.

Na kuna hali ya tatu, ambayo imewagharimu watu betri nzima bila sababu. Fungu linaanguka papo hapo ampea zinapotoka, linapanda papo hapo ampea zinapoingia, na mguu ukitoka kwenye mafuta linarudi sawa na wenzake wakati huohuo, bila kuchelewa. Linafuata ampea tu. Huo ni ukinzani, na mara nyingi uko nje ya moduli: nati iliyolegea au shaba yenye kutu. Hesabu yenyewe ni ndogo: omu 0.01 tu ya ziada, ampea 100 zikipita, inakula volti nzima. Ukiona fungu moja liko juu na jirani yake liko chini kwa kiasi kilekile, shuku waya wa kusomea volti uliopo kati yao, kwani wanautumia wote wawili.

Miji ya pwani ina sehemu yake katika hili. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga na Zanzibar huila shaba ya betri hata kwenye gari ambalo moduli zake bado ni nzima.

Hatua ya tano: fungua betri, pima moduli mojamoja

Hatua hii ni ya fundi. Zima umeme mkubwa kama ilivyoelezwa, toa boksi, fungua kifuniko. Kabla hujagusa nati hata moja, piga picha na uandike namba 1 hadi 28 (au 20) juu ya moduli kwa kalamu isiyofutika. Moduli zimepangwa zikipishana chanya na hasi, na moja ikirudishwa kinyume utaunganisha kosa kubwa.

Angalia kwanza kwa macho. Rangi ya kijani au buluu kwenye shaba ni kutu. Chumvi nyeupe pembeni mwa kichwa cha moduli ni kimiminika cha ndani kinachovuja, nacho ni potasiamu haidroksidi, kikali, kinachounguza ngozi na macho. Moduli inayovuja haitengenezwi, inatoka. Iliyovimba vilevile.

Pima volti za kila moduli ukiziandika kwenye karatasi. Zenye afya huwa kati ya 7.5 na 8.2 na zinafanana. Iliyo na 6.6 katikati ya wenzake wa 7.8 ina seli iliyokufa na haina haja ya kipimo kingine.

Zilizobaki zipe mzigo. Balbu ya taa ya mbele ya wati 55 yenye waya na vibano viwili inatosha, na inavuta ampea tatu na ushee. Andika volti kabla ya kuunganisha, washa balbu kwa dakika mbili kwa saa ya simu, andika volti kabla hujazima, kisha tena dakika moja baada ya kuzima. Fanya hivyo kwa zote, kwa balbu ileile. Tofauti kati ya moduli na moduli ndiyo unayoitafuta, si namba yenyewe. Iliyoshuka sehemu mbili tatu za kumi za volti zaidi ya wenzake iwekee alama.

Mwenye muda na chaja ya kielektroniki ya betri za nikeli anaweza kwenda mbali zaidi: aijaze kila moduli, aishushe kwa ampea moja hadi volti 6, asome imetoa miliampea-saa ngapi. Ikiwa mpya ni 6500. Rudia mizunguko mitatu, kwani moduli iliyolala muda mrefu hupanda kidogo kwenye mzunguko wa pili. Moduli zinapochajiwa nje ya boksi lazima zibanwe pamoja kwa sahani za mwisho, la sivyo zinavimba na hazitarudi kwenye nafasi yake. Baada ya hapo ziache wiki mbili, upime tena. Inayopoteza chaji ikiwa imekaa tu itakusumbua ndani ya gari hata kama ujazo wake ni mzuri.

Sasa swali la kubadilisha moduli moja au mbili. Inawezekana, na gari litatembea. Lakini moduli ngeni yenye ujazo wa 5500 ikiwekwa katikati ya wenzake wenye 3500, tofauti inaanza tena siku ileile, na kwa kawaida moduli nyingine dhaifu hufuata baada ya miezi. Mimi huwa napendelea hivi: kama ni moduli moja yenye seli iliyokufa na zilizobaki zimefanana kwa ujazo, badilisha kwa nyingine yenye ujazo unaokaribiana nao. Kama ujazo umetawanyika, usipoteze pesa za mteja kwa viraka. Betri "iliyofufuliwa" inayouzwa bila karatasi ya ujazo wa kila moduli ni bahati nasibu, na muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika ukimwomba karatasi hiyo.

Wakati wa kurudisha, safisha kila shaba mpaka ing'ae, badilisha zilizoliwa, na kaza nati kwa spana ya kipimo kwa 5.4 N·m kwenye Prius. Kipimo hicho ni kidogo sana. Ukikaza kwa nguvu za mkono unang'oa nyuzi kutoka kwenye plastiki na moduli imeharibika. Kabla ya kufunga kifuniko, pima jumla: moduli 28 za volti 7.8 zikupe 218 hivi. Ikipungua, kuna moduli iliyogeuzwa.

Hatua ya sita: inveta

Anza na maji yake. Inveta ina mzunguko wake wa kulanti, tofauti na wa injini, na pampu yake ya umeme. Gari likiwa READY, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kichupa cha kulanti ya inveta na utazame: lazima uone maji yakichafuka, yakizunguka. Yakiwa kimya kama kisima, pampu haifanyi kazi au kuna hewa ndani. Pampu iliyokufa huleta P0A93, gari hupungua nguvu kwenye foleni na kupona ukipata upepo wa barabara kuu. Usipoijali, inveta inaungua, na pampu ni rahisi kuliko inveta kwa mbali sana.

Inveta yenyewe hupimwa ikiwa imezimwa na kuthibitishwa haina umeme, nyaya za mota zimetolewa. Weka mita kwenye alama ya diodi. Vituo vitatu vya nyaya za mota huitwa U, V na W. Nyekundu kwenye U, nyeusi kwenye chanya ya betri: unatarajia volti 0.3 hadi 0.5. Geuza nyaya: isisome kitu, ingawa namba inaweza kupanda taratibu kwanza kwa sababu ya kapasita. Kisha nyekundu kwenye hasi ya betri na nyeusi kwenye U. Rudia kwa V na W. Namba sita za upande wa kupitisha zifanane. Ukisoma sifuri pande zote mbili, transista imeungana na inveta hiyo haifai.

Kwa wenye Prius ya kizazi cha tatu: Februari 2014 Toyota iliita magari milioni 1.9 duniani kurekebishiwa programu, kwa sababu transista za konveta ya kupandisha volti zilikuwa zinapata joto kupita kiasi. Gari lililoletwa limetumika linaweza kuwa lilifanyiwa au halikufanyiwa. Uliza kwa namba ya chesi kabla inveta haijajibu yenyewe.

Hatua ya saba: umeme unaovuja kwenda kwenye bodi

Umeme mkubwa wa haibridi haugusi bodi kabisa, chanya na hasi zote zimetengwa. Kompyuta inachunguza utengano huo muda wote, na ukipungua unapata P0AA6. Namba ndogo iliyo chini yake ndiyo ramani: 611 ni upande wa kompresa ya AC, 612 ni betri, 613 ni giaboksi na mota zilizomo ndani yake, 614 ni nyaya na inveta. 526 inakuambia tu kwamba kuna uvujaji. Ikiwa peke yake, endesha gari katika hali tofauti mpaka nyingine ijiandike.

611 mara nyingi ina mkono wa mtu. Kompresa ya umeme ya Toyota hizi inataka oili maalumu ya ND-11, isiyopitisha umeme. Fundi wa AC akijaza oili ya kompresa za kawaida za mkanda, ganda la kuzuia umeme la nyaya za mota ya kompresa linaharibika na umeme unavuja. Kwa hiyo anayekuletea gari lenye 611, muulize lini mara ya mwisho alijaza gesi. Na 612 tayari umeshaijua: chumvi nyeupe uliyoiona ndani ya boksi imefanya njia kutoka moduli hadi bati.

Kupima, tumia mega, yaani kipimo cha utengano wa umeme, kwa volti 500. Toa waya wa sehemu unayoipima kwenye inveta kwanza, kwa sababu volti 500 zikiingia kwenye kompyuta ya betri zitaiua. Gusa waya mmoja kwenye bati tupu la bodi na mwingine kwenye terminali. Kiwango cha chini cha kanuni za kimataifa ni omu 100 kwa kila volti kwenye mfumo wa moja kwa moja na 500 kwa kila volti kwenye mfumo wa umeme geu, lakini hicho ni kiwango cha kutomdhuru mtu, si cha kifaa chenye afya. Mota na nyaya nzima hutoa megaomu nyingi. Ikikupa kiloomu, umelipata kosa.

Hatua ya nane: mota

Mota za Toyota hizi ni za sumaku ya kudumu na hudumu sana, kwa hiyo ziweke mwisho kwenye orodha ya washukiwa. Kwa kuwa sumaku haizimwi, magurudumu yakizungushwa mota inazalisha umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Gari likiwa juu ya jeki, asiwepo wa kuzungusha gurudumu, na gari bovu lisivutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini.

Ukinzani wa U-V, V-W na W-U ni sehemu ndogo ya omu, na nyaya za mita ya kawaida peke yake zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Unahitaji mita ya mili-omu ya nyaya nne. Vipimo vitatu vikipishana zaidi ya mili-omu chache, na mega ikikuonyesha uvujaji, angalia pia oili ya giaboksi: nyeusi yenye harufu ya kuungua inaunga mkono vipimo.

Kama gari ni Nissan Leaf

Leaf za mwanzo zina betri ya lithiamu ya kWh 24, yenye jozi 96 za seli zilizofuatana, na haina feni wala maji ya kuipoza. Joto la kwetu linaionea. Dashibodi ina vistari 12 vya ujazo, na cha kwanza hupotea ujazo ukifika asilimia 85 hivi. Lakini vistari hivyo vinaweza kurudishwa 12 kwa kifaa, kisha vikaanza kupotea tena baada ya wiki kadhaa za kuendesha, gari likiwa tayari limeshauzwa.

Kwa hiyo tumia programu ya LeafSpy. Soma ampea-saa, ambazo mpya ya kWh 24 huwa 66 hivi, kisha zihakikishe kwa kuendesha: jaza hadi mwisho, tembea kilomita 30 au 40, linganisha asilimia iliyoshuka na kWh zilizotumika. Gari lililotumia kWh 5 na kushuka asilimia 40 lina kama kWh 12 au 13 zilizobaki, hata vistari viseme nini. Halafu tazama mchoro wa seli 96 chaji ikiwa chini ya asilimia 25. Seli dhaifu huonekana hapo, si betri ikiwa imejaa. Tofauti ya milivolti 20 au 30 ni kawaida. Ikiwa seli moja imening'inia chini ya wenzake kwa milivolti 150, gari litazimika kabla ya asilimia kuisha.

Ukiwa mnunuzi uwanjani

Muuzaji hatakuruhusu ufungue betri, na hupaswi. Gredi ya mnada wa Japani inahusu bodi na mambo ya ndani, haikuambii ujazo wa betri. Nenda na kifaa chako cha OBD na simu, fika asubuhi gari likiwa baridi, na usikubali gari lililokwisha kuwashwa "ili lipate moto". Soma misimbo. Misimbo yote ikiwa mitupu na kompyuta inaonyesha ilifutwa jana, una swali la kuuliza. Tazama kulanti ya inveta, chungulia feni, kisha omba dakika ishirini za barabara yenye kilima huku programu ikirekodi. Asiyetaka gari lake lipandishwe kilima, mwache nalo.